Kabla Hamjachomeka Kebo Nyuma ya Kiendeshi cha Tepu

Kila ninapowaona wageni wa kazi hii ya tepu za kompyuta wakipata kiendeshi cha LTO (kifaa kinachosoma na kuandika kaseti za tepu za kuhifadhia data) kilichostaafishwa na kampuni fulani, wakakigeuza, wakaona tundu la RJ45 (lile la kebo ya mtandao) ambalo mwongozo wa mtumiaji haulitaji, kisha papo hapo wakalichomeka kwenye swichi na kuanza kupiga nmap (programu ya kuchunguza vifaa vya mtandao), nashindwa kuamua kama niwakemee au nicheke. Udadisi wenu naupenda. Haraka yenu ndiyo inayoua vifaa.

1. Umbo la tundu halithibitishi kwamba ndani kuna Ethaneti. Data hupita kwenye SAS au Fibre Channel, yaani njia zinazounganisha vifaa vya kuhifadhia data na seva, ilhali tundu la pembeni lipo kwa ajili ya mazungumzo kati ya kiendeshi na maktaba yake (kabati lenye roboti inayoingiza kaseti kwenye viendeshi), na mazungumzo hayo hutumia Ethaneti au RS-422 (kiwango cha mawasiliano ya mfululizo kwa waya) kutegemea kizazi na mtengenezaji. Haya nilikuwa nimeyasoma, nikayasahau siku niliyoyahitaji. Kebo niliyoichomeka, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, ilitoka kwenye injekta ya PoE (kifaa kinachopitisha umeme ndani ya kebo ya mtandao) ya redio, ile ya aina inayosukuma volti 24 bila kuuliza. Swichi inayofuata 802.3af, kiwango rasmi cha PoE, ingepima kwanza kama upande wa pili una ukinzani wa takriban kilo-omu 25, na isipoukuta haitoi umeme. Injekta yangu haikuwa na adabu hiyo. Kipokezi cha kawaida cha RS-422 hubuniwa kuvumilia takriban volti 7 juu au chini ya ardhi ya saketi, kwa hiyo mwaweza kukisia kilichofuata. Hapakuwa na moshi wala mlio, na taa ya kijani iliendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea, nami nikamaliza jioni nzima nikibadilisha anwani za IP, nikiilaumu fimuwea (programu ya ndani ya kifaa), na hata nikimwandikia muuzaji barua ya ukali ambayo baadaye ilinibidi niiombee radhi. Kiendeshi kilisoma na kuandika kupitia SAS kama kawaida, lakini nilipokiingiza kwenye maktaba, roboti haikukitambua tena kamwe. Dakika moja ya multimita (kipimo cha umeme na ukinzani) ingeniokoa: zimeni kifaa, pimeni kati ya pini 1 na 2, halafu 3 na 6. Ukinzani wa omu moja au mbili huashiria waya wa transfoma ya Ethaneti. Ukiwa mkubwa zaidi ya hapo, wekeni kebo chini.

2. Sikilizeni kabla ya kusema. Unganisheni kiendeshi na kompyuta moja isiyo na mtandao mwingine, washeni tcpdump (programu inayonasa pakiti za mtandao), kisha ndipo mkiwashe kiendeshi chenyewe, kwa sababu pakiti za mwanzo za ARP, ambazo vifaa hutumia kutafutana kwenye mtandao, mara nyingi huitaja anwani mnayoihangaikia. Mkiona inayoanza na 169.254, hiyo ni safu ya anwani za kiungo cha karibu (link-local), ambazo vifaa hujipa vyenyewe, na kompyuta yenu iwekeni humo humo. Niliwahi kusikiliza maktaba moja iliyokuwa bado ikiiulizia seva ya saa ya mmiliki wake wa zamani, kwa uaminifu ambao watumishi wengi hawana.

3. Toeni kaseti kabla ya kuchanganua poti (milango yenye namba ya huduma za mtandao). TCP 4169 ikiitika, kuna uwezekano mkubwa kwamba mmekutana na iADT, yaani itifaki ya mazungumzo ya maktaba na kiendeshi, iliyotungwa na kamati ya viwango ya T10, ikapandishwa juu ya IP. Poti 9614 ni ya ndugu yake iliyosimbwa kwa usiri. Msikimbilie kuuliza toleo la huduma: nmap yenyewe huziruka poti 9100 hadi 9107 katika hatua hiyo ili printa zisimwage karatasi zenye takataka, lakini roboti za tepu hazijapewa huruma kama hiyo. UDP 17185 ni wakala wa utatuzi wa hitilafu wa VxWorks (mfumo endeshi wa vifaa vidogo), na tangu mwaka 2010 inajulikana hadharani kwamba, ikiachwa wazi, mtu yeyote aweza kusoma na kuandika kumbukumbu ya kifaa bila nywila. Kifaa kinachoitika hapo kisiguse mtandao wowote unaotegemewa.

4. Kwenye maktaba zilizotumika mtakuta nywila, majina ya SNMP (itifaki ya kusimamia vifaa vya mtandao) na anwani za seva za funguo za usimbaji za watu wengine. Futeni mipangilio hiyo, na msijaribu kamwe kuzifikia seva hizo, hata kwa ping moja ya kujaribu.