Maswali ya Wasomaji: Watoro Walioitikisa Marekani

Makala yetu fupi kuhusu Abraham Lincoln katika toleo lililopita imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zinahusu mgogoro wa utumwa uliozaa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865. Tumechagua maswali sita. Mengine tumeyajibu kwa urefu na mengine kwa mkato, kwa kuwa hayakuwa na uzito sawa.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba majimbo ya Kusini yalipigania haki za majimbo, wala hayakupigania utumwa. Ukweli ni upi?

Jibu: Hoja hiyo ilipata nguvu zaidi baada ya vita kwisha, walioshindwa walipoanza kuandika kumbukumbu zao. Kabla ya hapo wao wenyewe hawakuficha kitu. Carolina Kusini, jimbo la kwanza kujitenga, lilitoa tamko mwezi Desemba 1860 likieleza sababu zake, na lalamiko lake kubwa ni kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Tamko hilo linayataja majimbo hayo kwa majina, tena linailaumu New York kwa kuwanyima wenye watumwa haki ya kupita nao katika ardhi yake. Kwa maneno mengine, jimbo linalosemwa kuwa lilipigania haki za majimbo lilikasirika kwa sababu majimbo mengine yalizitumia haki hizo hizo. Tamko la Mississippi nalo linasema waziwazi kwamba msimamo wa jimbo hilo umefungamana kabisa na utumwa, na Alexander Stephens, makamu wa rais wa Shirikisho la Kusini, yaani serikali ya majimbo yaliyojitenga, aliwaambia watu wa Savannah mwezi Machi 1861 kwamba jiwe la pembeni la serikali yao mpya ni itikadi kwamba mtu mweusi hayuko sawa na mzungu.

Ni vyema msomaji aifahamu pia Sheria ya Watumwa Watoro ya mwaka 1850, kwa sababu ndiyo iliyoupeleka utumwa hadi milangoni mwa watu wa Kaskazini ambao awali waliuona kuwa ni habari ya mbali. Chini ya sheria hiyo, mtu aliyedaiwa kuwa mtoro alipelekwa mbele ya kamishna wa serikali kuu, hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kujitetea, wala hakupata baraza la wazee wa mahakama. Raia yeyote aliyekuwa karibu aliweza kuamriwa asaidie kumkamata, na aliyemficha alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6. Kisha kulikuwa na kipengele ambacho wapinga utumwa hawakuchoka kukitaja: kamishna alilipwa dola 10 akiamua kwamba mtu huyo ni mtumwa arudishwe, na dola 5 akiamua kwamba ni huru aachiwe. Watetezi wa sheria walisema tofauti hiyo ilitokana na wingi wa makaratasi ya kumrudisha mtu. Maelezo hayo hayakumridhisha mtu yeyote huko Boston, ambako mwaka 1854 kijana aliyeitwa Anthony Burns alisindikizwa na askari kutoka mahakamani hadi melini, akirudishwa Virginia, huku maelfu ya watu wakizomea na majengo yakiwa yamefunikwa vitambaa vyeusi vya msiba. Sheria hiyo ilihitaji nguvu kubwa ya serikali kuu dhidi ya matakwa ya majimbo, na Kusini ndiyo iliyoidai.

Swali: Dred Scott alikuwa nani, na kesi yake iliishaje?

Jibu: Alikuwa mtumwa wa daktari wa jeshi, John Emerson, aliyempeleka kwanza katika jimbo la Illinois lisiloruhusu utumwa, na baadaye Fort Snelling, katika maeneo ya Kaskazini ambako utumwa ulikuwa umepigwa marufuku na Mapatano ya Missouri ya mwaka 1820. Huko ndiko alikomwoa Harriet Robinson. Mwaka 1846, wakiwa wamerejea St. Louis, mume na mke walifungua mashtaka wakidai uhuru, wakitegemea kanuni ambayo mahakama za Missouri zilikuwa zimeikubali kwa miaka mingi, kwamba mtumwa aliyekaa katika ardhi huru kwa ridhaa ya bwana wake amekwisha kuwa huru. Mwaka 1850 walishinda. Mwaka 1852 Mahakama Kuu ya Missouri ikautengua ushindi huo. Ndipo shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Hukumu ilisomwa tarehe 6 Machi 1857. Jaji Mkuu Roger Taney aliandika kwamba mtu mweusi mwenye asili ya watumwa, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwa hiyo Scott hakuwa hata na haki ya kushtaki katika mahakama ya serikali kuu. Hakuishia hapo. Aliongeza kwamba Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo ambayo bado hayajawa majimbo. Taney alidhani kwamba kwa hukumu hiyo amelifunga suala la utumwa; kwa maoni yetu hakuna jaji wa Marekani aliyewahi kukosea hesabu vibaya kuliko yeye, kwa kuwa chama kipya cha Republican, ambacho shabaha yake kuu ilikuwa kuzuia utumwa usienee, kilikuta kimeambiwa kwamba shabaha hiyo ni kinyume cha katiba, na wafuasi wake wakazidi kukaza kamba.

Scott mwenyewe alipata uhuru miezi michache baadaye kwa njia nyingine kabisa. Watoto wa bwana wake wa kwanza, yule wa kabla ya Emerson, waliokuwa wakimsaidia kugharimia kesi, walikabidhiwa umiliki wake, nao wakamwandikia hati ya uhuru mwezi Mei 1857. Alifanya kazi ya uchukuzi katika hoteli moja ya St. Louis na akafa kwa kifua kikuu mwezi Septemba 1858.

Swali: Je, ni kweli kwamba Harriet Tubman aliwaokoa watumwa 300?

Jibu: Idadi hiyo ilienezwa na kitabu cha wasifu wake kilichotoka yeye akiwa hai, lakini wanahistoria walioifuatilia safari moja baada ya nyingine wamepata safari kama 13 za kuwatorosha watumwa na watu wapatao 70. Sisi hatuoni kwamba jambo hilo linampunguzia sifa hata chembe. Tubman mwenyewe alikuwa mtumwa: alitoroka Maryland mwaka 1849, akawa salama Philadelphia, kisha akarudi tena na tena katika wilaya zile zile ambako sura yake ilijulikana. Alipendelea majira ya baridi, usiku unapokuwa mrefu. Baada ya sheria ya 1850 hakuwa na imani tena na majimbo ya Kaskazini, kwa hiyo akawa anawafikisha watu wake hadi St. Catharines, nchini Kanada. Njia hiyo ya siri ya watoro, ile iliyoitwa Reli ya Chini kwa Chini, haikuwa na mataruma wala mabehewa. Ulikuwa mtandao wa nyumba, mashua, makanisa na watu waliojua kunyamaza, wengi wao wakiwa ni weusi huru.

Jambo linalosahauliwa ni kazi yake vitani. Mwezi Juni 1863 aliongozana na askari weusi wa Kanali James Montgomery kupanda mto Combahee, Carolina Kusini, baada ya kukusanya habari za kijasusi kutoka kwa watumwa wa eneo hilo, na katika uvamizi huo mmoja watu zaidi ya 700 walipanda meli wakaondoka utumwani. Malipo ya utumishi wake aliyadai kwa zaidi ya miaka 30.

Swali: John Brown alikuwa shujaa au mwendawazimu? Na kwa nini Frederick Douglass alikataa kumfuata?

Jibu: Msomaji anatutaka tuchague, nasi hatutachagua, maana alifanya mambo mawili ambayo hayapimwi kwa kipimo kimoja. Usiku mmoja wa Mei 1856, huko Kansas, ambako wapinzani na watetezi wa utumwa walikuwa wakiuana kwa ajili ya kuamua hatima ya eneo hilo, Brown na wanawe waliwatoa watu watano majumbani mwao na kuwaua kwa mapanga. Mwezi Oktoba 1859 alivamia ghala la silaha la serikali huko Harpers Ferry, Virginia, akiwa na wafuasi 21, kwa nia ya kuwapa watumwa silaha. Mtu wa kwanza kuuawa katika uvamizi huo alikuwa Heyward Shepherd, mtu mweusi aliyekuwa huru, mfanyakazi wa reli. Baada ya saa zisizozidi 36, wanamaji waliokuwa chini ya Kanali Robert E. Lee walivunja mlango wa jengo alimojifungia Brown. Wanawe wawili walikufa. Yeye alinyongwa tarehe 2 Desemba, akiacha kikaratasi kilichosema kwamba sasa ana hakika kuwa dhambi za nchi hiyo hazitasafishwa ila kwa damu.

Douglass, mtumwa mtoro wa Maryland aliyekuwa msemaji mkubwa kuliko wote wa watu weusi wa Marekani, alikutana naye kwa siri wiki kadhaa kabla, katika machimbo ya mawe karibu na Chambersburg, Pennsylvania. Alimweleza waziwazi kwamba anaingia katika mtego wa chuma na hatatoka hai. Brown alimsihi, Douglass hakubadili msimamo. Alipogeuka kuondoka alimuuliza mwenzake, Shields Green, naye mtoro, ameamua nini, na Green akajibu kwamba atakwenda na mzee. Green alinyongwa wiki mbili baada ya Brown. Anayemwona Douglass kuwa mwoga asisahau kwamba aliitumikia vita hiyo hiyo kwa njia nyingine, na wanawe wawili waliingia katika kikosi cha 54 cha Massachusetts, kikosi cha askari weusi kilichomwaga damu Fort Wagner mwezi Julai 1863.

Swali: Je, Lincoln ndiye aliyewakomboa watumwa?

Jibu: Alitia sahihi Tangazo la Ukombozi, lililowatangaza watumwa wa maeneo yaliyoasi kuwa huru, na sahihi ile ilikuwa na uzito. Lakini aliyeanza si yeye. Tarehe 23 Mei 1861, vita vikiwa na wiki sita tu, watumwa watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, waliokuwa wakilazimishwa kulijengea jeshi la Kusini ngome ya mizinga, walipanda mashua usiku wakavuka hadi Fort Monroe, ngome ya huko Virginia iliyobaki mikononi mwa Muungano, yaani upande wa serikali ya Marekani. Kesho yake alikuja ofisa wa Kusini, akiwa na bendera nyeupe, kumtaka Jenerali Benjamin Butler awarudishe kwa mujibu wa ile ile sheria ya 1850. Butler alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa jenerali. Alijibu kwamba Virginia inadai kuwa ni nchi ya kigeni, na yeye hana wajibu wa kuitekelezea nchi ya kigeni sheria za Marekani. Tena, ikiwa Kusini inasema watu hawa ni mali, na mali hiyo inatumika kupigana na serikali, basi yeye anaitaifisha kama mali ya adui. Hakuna mtu aliyetamka neno ukombozi siku hiyo. Hata hivyo, habari zilisambaa, na kufikia majira ya kiangazi mamia ya watu, wanaume kwa wanawake, wazee kwa watoto, walikuwa wamefika ngomeni.

Serikali iliwafuata watoro hao kwa nyuma, hatua kwa hatua. Agosti 1861 Bunge liliruhusu kutaifishwa kwa watumwa waliotumika katika kazi za kijeshi. Machi 1862 wanajeshi walikatazwa kuwarudisha watoro. Aprili utumwa ulifutwa katika mji mkuu. Lincoln alichelea kuyapoteza majimbo ya mpakani yaliyobaki katika Muungano yakiwa na watumwa, yaani Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri. Mwezi Agosti 1862 alimwandikia mhariri Horace Greeley kwamba kama angeweza kuuokoa Muungano bila kumwachia huru mtumwa hata mmoja angefanya hivyo. Wengi hunukuu barua hiyo kumshushia hadhi, bila kujua kwamba wakati anaiandika, rasimu ya Tangazo la Ukombozi ilikuwa imekwisha kusomwa mbele ya mawaziri wake mwezi mmoja kabla, ikingojea ushindi wa vita. Ushindi ulipopatikana Antietam tarehe 17 Septemba, alitoa onyo siku tano baadaye, na tangazo lenyewe likaanza kazi tarehe 1 Januari 1863. Lilihusu maeneo yaliyoasi tu, likiyaacha majimbo ya mpakani na baadhi ya sehemu zilizokwisha kutekwa. Pamoja na mipaka hiyo, lilifungua mlango wa jeshi: watu weusi wapatao 180,000 waliandikishwa, wengi wao wakiwa watumwa hadi juzi yake, na kwa muda mrefu walilipwa dola 10 kwa mwezi, zikikatwa 3 za sare, wakati askari mzungu alipata 13. Kikosi cha 54 kilikataa kupokea malipo pungufu hadi Bunge liliposawazisha mwaka 1864.

Swali: Utumwa uliisha lini hasa?

Jibu: Inategemea mtu alikuwa wapi. Huko Galveston, Texas, amri ya ukombozi ilisomwa tarehe 19 Juni 1865, zaidi ya miezi miwili baada ya Lee, yule yule wa Harpers Ferry ambaye vitani alikuwa jenerali wa Kusini, kusalimu amri, na siku hiyo ni sikukuu ya taifa tangu mwaka 2021. Kentucky na Delaware, ambazo hazikuwahi kujitenga, ziliendelea kuwa na watumwa hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipokamilika tarehe 6 Desemba 1865. Marekebisho hayo yalipiga marufuku utumwa kila mahali, isipokuwa kama adhabu kwa aliyetiwa hatiani kwa kosa la jinai. Majimbo ya Kusini yaliuona upenyo huo mapema, yakatunga sheria za kuwakamata watu weusi kwa makosa kama uzururaji, kisha yakawakodisha wafungwa hao kwa wenye mashamba, migodi na reli. Alabama, iliyokuwa ya mwisho kuacha ukodishaji huo, iliuacha mwaka 1928.