Usiibadili Mada kwa Sababu ya Webb: Ushauri kwa Wanaosoma Spektra za Galaksi Angavu za Infraredi

Mwezi uliopita makala yangu kuhusu spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi yake) za galaksi angavu za infraredi ilikubaliwa kuchapishwa, baada ya kuzungushwa na wahakiki kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Kabla sijamaliza kuwaarifu ndugu na jamaa, nikapokea ujumbe wa kijana mmoja anayesoma fizikia Dodoma: “Dada, shikamoo. Msimamizi wangu anasema spektra za mwanga unaoonekana zimepitwa na wakati tangu darubini ya Webb irushwe. Nimeshaanza kuandika pendekezo la utafiti. Je, nibadili mada?”

Marahaba, mdogo wangu. Usibadili. Nitakueleza sababu kwa urefu, kwa kuwa maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi, tena mbele ya watu. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili ugenini, nikiwasilisha matokeo yangu ya awali, na mtafiti mmoja wa siku nyingi aliyeketi mstari wa mbele alinikatiza kabla sijafika kwenye mchoro wa pili. Alisema kazi ya aina ile ilimalizika miaka ya tisini. Ukumbi ukacheka. Nilimjibu kwa adabu, maana ndivyo nilivyolelewa, lakini jibu kamili nililokosa siku ile ndilo ninalokuandikia wewe leo.

Kwanza tukumbushane ugomvi wenyewe ulikoanzia. Mwaka 1983 satelaiti ya IRAS, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilipima karibu anga lote katika mawimbi ya maikromita 12, 25, 60 na 100. Miongoni mwa vyanzo vingi ilivyoviorodhesha, zilionekana galaksi ambazo katika picha za kawaida ni hafifu na zimevurugika, lakini katika infraredi pekee zinatoa nguvu inayozidi ya jua letu mara trilioni moja. Arp 220, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 250 katika kundinyota la Serpens, ndiyo jirani yetu wa karibu zaidi wa daraja hilo. Nyingi kati yake ni galaksi mbili zilizogongana na zinaendelea kuungana, zikiwa zimesukumia gesi na vumbi katikati. Vumbi hilo humeza mwanga wa urujuanimno na mwanga unaoonekana, hupata joto kidogo, kisha huutoa tena kama infraredi.

Swali likawa: nani anayelipasha joto vumbi hilo? Wapo waliosema ni nyota changa, zinazozaliwa kwa kasi ya zaidi ya jua 100 kwa mwaka, ilhali galaksi yetu inazaa jua moja au mawili tu. Wapo waliosema ni shimo jeusi kubwa linalomeza gesi. David Sanders na wenzake walipendekeza mwaka 1988 kwamba galaksi hizi ni hatua ya utotoni ya kwasari, yaani kiini cha galaksi kinachong'aa mno kwa nguvu ya shimo jeusi linalomeza gesi: vumbi likishapeperushwa, kwasari hujitokeza wazi. Wazo hilo limebishaniwa tangu hapo, na ndilo lililonivuta mimi katika fani hii, kama ninavyodhani limekuvuta wewe pia.

Sasa, spektra ya mwanga unaoonekana inatusaidiaje? Gesi iliyomulikwa na nyota changa na gesi iliyomulikwa na shimo jeusi hutoa mistari ileile, yaani mwanga wa urefu maalumu wa wimbi kwa kila elementi, ila kwa uwiano tofauti, kwa sababu mionzi ya shimo jeusi ni mikali zaidi na hung'oa elektroni nyingi zaidi kutoka katika atomi. Mwaka 1981 Baldwin, Phillips na Terlevich walionyesha kwamba ukigawanya mstari wa oksijeni ulio kwenye nanomita 500.7 kwa mstari wa haidrojeni-beta wa nanomita 486.1, na mstari wa nitrojeni wa nanomita 658.3 kwa haidrojeni-alfa wa nanomita 656.3, kisha ukaweka uwiano huo katika mchoro mmoja, makundi yanajitenga. Uzuri wa njia hii ni kwamba mistari ya kila jozi imekaribiana, hivyo vumbi linaipunguza karibu kwa kiasi kilekile na uwiano hauharibiki sana.

Sylvain Veilleux, Dong-Chan Kim na Sanders walipotumia njia hiyo kwa galaksi 108 kutoka orodha ya IRAS, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1999, walikuta karibu asilimia 30 zina dalili za Seyfert, yaani za shimo jeusi linalokula, na kiwango hicho kinapanda hadi karibu nusu kwa zile angavu zaidi, zinazozidi jua trilioni mbili. Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha mimi, na bado ninairudia kila ninapokwama.

Yule mtafiti wa mstari wa mbele alikuwa na hoja, na ni haki kuitaja. Kusoma spektra hizi ni kama kusimama nje ya jiko la makuti: moshi unauona, chungu hukioni. Mwanga unaotufikia umetoka kwenye tabaka la nje, mahali ambapo vumbi ni pungufu. Uwiano wa haidrojeni-alfa kwa haidrojeni-beta, ambao katika gesi isiyo na vumbi ni takriban 2.86, katika galaksi hizi huweza kufika 8, 10 au zaidi, na hata hapo unatupimia vumbi la tabaka ambalo mwanga umeweza kulipenya tu. Kilichozikwa ndani kabisa hakimo katika hesabu hiyo. Mfano mkali ni NGC 6240, galaksi iliyo chini kidogo ya kiwango cha trilioni: mistari yake inaiweka katika kundi la LINER, ambalo atomi zake zimeng'olewa elektroni chache tu, na ambalo mishtuko ya pepo za gesi inaweza kulizalisha bila shimo jeusi lolote. Lakini darubini ya eksirei ya Chandra ilionyesha kwamba ndani yake yamo mashimo meusi mawili, yote yakimeza gesi. Arp 220 nayo ni LINER, na humo darubini za redio zimeona makumi ya nyota zilizolipuka pamoja na mabaki yake. Jina moja, mambo mawili tofauti.

Alichokisahau mkosoaji wangu ni kwamba jambo hili lilishapimwa. Mwaka 1998 Reinhard Genzel na wenzake walitumia satelaiti ya ISO, ambayo infraredi yake hupenya vumbi zaidi, wakakuta kwamba asilimia 70 hadi 80 ya galaksi walizozipima zinaendeshwa hasa na nyota changa, na zilizobaki na shimo jeusi. Mwaka uliofuata Lutz, Veilleux na Genzel walilinganisha majibu ya ISO na ya mwanga unaoonekana, galaksi kwa galaksi, na yakapatana vizuri sana, alimradi zile za kundi la LINER zihesabiwe pamoja na za nyota changa. Maelezo yanayoaminika ni kwamba shimo jeusi lenye nguvu hutoboa njia upande fulani, na mionzi yake ikapata pa kutokea. Kwa hiyo spektra ya mwanga unaoonekana ni shahidi wa kuaminika kwa galaksi nyingi, hata kama si kwa kila moja.

Na kuhusu Webb, mdogo wangu, angalia namba. Vifaa vyake vinaanzia maikromita 0.6. Haidrojeni-beta iko kwenye 0.486 na ule mstari wa oksijeni uko kwenye 0.501. Kwa galaksi ya jirani, ambayo mistari yake haijasogea sana kuelekea wekundu, yaani kwenye mawimbi marefu zaidi, kwa kutanuka kwa ulimwengu, Webb haiwezi kuiona mistari hiyo miwili hata ikikaa usiku na mchana. Inaona mengine, tena makubwa, lakini nusu ya ule mchoro wa mwaka 1981 bado ni kazi ya darubini za ardhini.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, maana hapa ndipo ninapoona vijana wengi wakipoteza muda. Ushauri wangu mkubwa ni huu: tazama spektra kwa macho kabla hujaamini namba yoyote iliyotoka kwenye programu. Chukua haidrojeni-beta. Galaksi zilizoungana zimejaa nyota zenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, na nyota za umri huo zina mstari mpana wa giza mahali palepale ambapo gesi inatoa mstari angavu. Ukikuza sehemu hiyo kwenye skrini utaona bonde pana, na katikati yake kijinara chembamba kinachochungulia. Programu isiyoondoa kwanza mwanga wa nyota itapima kijinara hicho kutoka ukingo wa bonde badala ya kutoka chini yake, na haidrojeni-beta itatoka ndogo kuliko ilivyo. Matokeo yake ni mawili: vumbi litaonekana jingi kupita kiasi, na galaksi itapanda katika mchoro kuelekea upande wa mashimo meusi bila kustahili. Nimeona majedwali yaliyochapishwa yenye kasoro hiyo.

Jambo la pili ni kitako cha haidrojeni-alfa. Katika galaksi hizi gesi inakwenda kasi, kwa hiyo haidrojeni-alfa na mistari miwili ya nitrojeni inayoizunguka huungana kuwa nundu moja, na chini yake mara nyingi pana kitako kipana. Ni rahisi kushangilia kwamba umegundua gesi inayozunguka karibu na shimo jeusi kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Kabla hujashangilia, tazama mstari wa oksijeni wa 500.7. Gesi iliyo karibu na shimo jeusi ni nzito mno kiasi kwamba migongano ya chembe huuzima mstari huo, hivyo oksijeni ikiwa na kitako kilekile, unachokiona ni upepo unaotoka nje ya galaksi. Ikiwa ni haidrojeni pekee, hapo una haki ya kutaja shimo jeusi. Mistari ya giza ya sodiamu, kwenye nanomita 589.0 na 589.6, ikiwa imesogea upande wa bluu, ishara kwamba gesi inakuja upande wetu, inathibitisha upepo huo kwa upande wa gesi baridi. Makala yangu iliyokubaliwa imesimama juu ya hoja hii moja. Mhakiki aliyeipinga kwa maneno makali hatimaye aliandika kwamba ameridhika, na nakiri kwamba sentensi yake hiyo nimeihifadhi.

Vijana wenzangu, msikimbilie darubini kwa kuwa ni mpya. Chagueni swali, kisha mtafute urefu wa wimbi unaolijibu. Wala msinakili jina la kundi kutoka katika jedwali la mtu mwingine. Mipaka ya makundi imechorwa upya zaidi ya mara moja, na mwaka 2010 Yuan, Kewley na Sanders walipozipanga upya galaksi za infraredi, nyingi zilizokuwa zikiitwa LINER ziligeuka kuwa mchanganyiko wa nyota changa na shimo jeusi. Tazameni spektra yenyewe. Nimeshasema, na nitasema tena kila nitakapopewa nafasi.

Kwa pendekezo lako, basi, ondoa ahadi ya kubainisha chanzo cha nishati cha kila galaksi, uahidi kubainisha kinachoimulika gesi tunayoiona, hilo utaliweza. Spektra za awali za SDSS, mradi wa kupima anga kwa darubini ya ardhini, ni za wazi kwa yeyote mwenye intaneti, zinafunika takriban nanomita 380 hadi 920, na kompyuta mpakato ya kawaida inazimudu. Programu ya pPXF ya Michele Cappellari, ya kuondoa mwanga wa nyota, hailipiwi. Kumbuka tu kwamba uzi wa kioo uliopeleka mwanga kwenye kifaa katika spektra hizo za awali ulikuwa na upana wa sekunde 3 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii), kwa hiyo katika galaksi ya mbali umechanganya kiini na viunga vyake. Andika hivyo waziwazi. Anza na galaksi ambazo haidrojeni-beta yake inaonekana vizuri. Zile ambazo imezama kabisa ziweke katika jedwali kwa kikomo cha juu, wala usizifute, kwa kuwa mara nyingi ndizo zenye vumbi zito kuliko zote.