Figili zangu zilirudishwa hotelini, leo mnaniuliza kama ni dawa

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, eti kachemsha figili wiki 3, maji yake anakunywa asubuhi kabla ya chai, mbona haoni chochote na mimi ndo niliyezisifia. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana na mimi nimepita hukohuko.

Kwanza tuelewane ni figili ipi. Hapa Arusha ukiuliza figili sokoni unaweza kupewa mboga ya majani, mwingine akakupa selari. Mimi naongelea mzizi, kile kiduara chekundu nje cheupe ndani, au ile nyeupe ndefu kama karoti. Jina tumelitoa kwa Waarabu, wao wanaiita fijl, na wanaitafuna mbichi pembeni ya chakula. Mbichi, shika hapo.

Mwaka juzi nilipata oda ya hoteli moja, siitaji. Hizi nyekundu zinawahi sana, siku 25 mpaka 30 unang'oa, yaani nikajiona nimetoka. Kreti ya kwanza walisifia. Ya pili nikachelewa kung'oa kama siku 10, jua la Februari linawaka na zamu yangu ya maji ya mfereji jirani kaipitia juu kwa juu. Mpishi akakata moja mbele yangu, ndani sponji tupu, akatafuna, machozi yakamtoka, akaniuliza mama, hii figili au pilipili? Vijana wake wa jikoni wakaangua kicheko. Nikarudi na kreti yangu kwenye bodaboda nimeipakata kama mtoto. Jamani, mpaka leo inaniuma.

Nikaamua nizile mwenyewe. Nachemsha, namwaga maji, ukali umeisha, nakula nikiwatangazia majirani kwamba zinasafisha damu. Nilitoa wapi hayo maneno sijui. Mdogo wangu aliyesomea kilimo ndo akanifungua macho, akasema dada, huo ukali unaouua kwa kuchemsha ndo mali yenyewe.

Iko hivi. Figili ni ukoo mmoja na kabichi, sukuma wiki na haradali. Ndani yake kuna vitu vinaitwa glukosinoleti, vina salfa, na vikikaa peke yake haviwashi. Pembeni, vimetengwa kabisa, kuna kimeng'enya, yaani kichocheo, kinaitwa mirosinesi. Ukikata au ukitafuna, kuta zinavunjika, vinakutana, na hapo ndo inazaliwa isothiosayaneti, ile inayokupanda puani. Ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu, na jua kali na kiu vinaiongeza, ndo maana kreti yangu ilimliza mtu. Kata kipande uonje, halafu kwaruza kingine kwenye greta uonje, utaona ya greta inawasha zaidi kwa sababu umevunja kuta nyingi. Na ganda ni kali kuliko nyama ya ndani, usimenye. Ukichemsha unakiua kile kimeng'enya, sasa ukali utoke wapi? Unabaki na harufu ya kabichi iliyolala.

Ule wekundu nao ni anthosiyanini, yaani rangi ya asili ya mimea, aina ya pelagonidini, ndo hiyohiyo iliyoko kwenye stroberi. Weka vipande kwenye limao nusu saa, maji yote yanageuka pinki. Mimi mpaka leo nasimama kuangalia.

Lishe yake ya kawaida wala si ya kutisha. Gramu 100 zina kalori 16 tu, karibu 95% ni maji, vitamini C kama miligramu 15, potasiamu kama 230. Mwanamke mzima anahitaji vitamini C miligramu 75 kwa siku, kwa hiyo hapo umepata moja ya tano, chungwa linakupita mbali. Majani yana vitamini C na kalsiamu kuliko mzizi, na ndo tunayatupa! Acheni hiyo tabia.

Sasa wale wa kisukari, wale wa mawe ya figo, sikieni. Wataalamu wanazichunguza hizi isothiosayaneti maabara, mpaka kwenye seli za saratani, lakini kisahani cha maabara si tumbo lako. Usiache vidonge vyako kwa sababu ya mzizi. Mwenye shida ya tezi ya shingo amuulize daktari kwanza asijazie figili kila siku, na mwenye vidonda vya tumbo asijaribu asubuhi tumbo tupu, mimi nilijaribu, nikalala chini jikoni. Tunapenda sana dawa, chakula tunakidharau, ndo shida yetu.

Kwa hiyo dada, acha kuchemsha. Kata 3 nyembamba na ganda lake, limao, chumvi, kula mbichi na maharage, ile vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, na chai isubiri kwanza maana inayazuia. Kula mbichi, nimesema.

Halafu yule mpishi kaulizia tena figili kupitia bodaboda yuleyule. Nimemwambia aseme zimeisha, ingawa zipo tuta zima.