Sweta la rangi mbili bila kushika nyuzi mbili: nilivyojifunza kuruka stichi

Dada pole, nimekuelewa kabisa. Umesema unamfumia mwanao wa miaka miwili sweta la bluu na nyeupe, ukawa unafuma rangi zote mbili kwenye mstari mmoja, kifua kikajikunyata, na kwa ndani kumejaa nyuzi zinazokatiza mpaka vidole vya mtoto vinanasa ukimvalisha. Afu kuna aliyekujibu "wewe ruka stichi tu" akaishia hapo. Jibu lake ni la kweli ila ni nusu, na hiyo nusu nyingine mimi ilinichukua karibia mwaka kuipata, kwa hiyo ngoja nikuandikie kwa urefu.

Mi niko Njombe, huku Juni na Julai baridi haina mchezo, mtoto bila sweta hatoki nje asubuhi. Kufuma nilianzia shule ya msingi kwenye sayansikimu, tulifumia spoki za baiskeli zilizochongwa ncha kwa kusugua kwenye jiwe. Spoki zilinifundisha pleni na pali (pleni ni ile uzi unakaa nyuma ya sindano, pali uzi unakuja mbele yako) lakini pia zilinizoesha kukaza mkono, manake spoki ni nyembamba, kama milimita mbili hivi, ukilegeza tu stichi zinachomoka zote. Huo mkono wa kukaza ndo ulikuja kunitesa kwenye rangi, nitafika huko.

Kwanza tuelewane njia uliyotumia wewe. Kushika nyuzi mbili kwenye mstari mmoja ni ufumaji halali kabisa na una heshima yake, wenyewe wa kisiwa cha Fair Isle kule Shetland, kaskazini mwa Scotland, ndo umebeba jina lao. Lakini rangi ambayo haifumwi lazima ipite kwa nyuma ikisubiri zamu yake, ukiivuta kidogo tu kitambaa kinajikusanya, ukiilegeza sana zinakuwa kamba za kunasa vidole. Inataka mazoezi. Kuruka stichi ni kitu kingine.

Kwenye kuruka stichi unashika uzi mmoja tu mstari mzima. Unafuma mistari miwili ya bluu, yani kwenda na kurudi, unaiacha bluu pembeni, unachukua nyeupe unafuma mistari miwili, unarudi kwenye bluu. Ukifuma hivyo bila kuruka chochote utapata michirizi ya kawaida tu. Sasa, ukiwa unafuma nyeupe ukafika sehemu unayotaka bluu ionekane, hufumi hiyo stichi, unaihamisha tu kutoka sindano ya kushoto kwenda ya kulia jinsi ilivyo. Ile stichi ilikuwa ya bluu toka mstari wa chini, kwa hiyo inapanda juu imenyooka, inaufunika mchirizi mweupe, na mtu akiangalia anaona doa la bluu katikati ya nyeupe. Yani bluu unayoiona hapo hujaifuma sasa hivi, uliifuma mistari miwili iliyopita, imevutwa tu ikapanda. Mimi siku nimeelewa hiki kitu, nakumbuka nilikuwa nimekaa jikoni nasubiri maharage, mengine yote yalijipanga yenyewe kichwani, kabla ya hapo nilikuwa nafuata maelekezo kama mtu anayesoma lugha asiyoijua.

Usiguse sweta kwanza. Fuma kipande cha majaribio, hiki hapa ndo nilianza nacho na ndo nampa kila ninayemfundisha. Anzisha stichi 23 za bluu, fuma mistari miwili yote pleni. Chukua nyeupe: fuma 3, ruka 1, fuma 3, ruka 1, endelea hivyo, utamalizia na 3. Kurudi na nyeupe ileile, fuma pleni stichi nyeupe zote, za bluu zote ruka. Rudi kwenye bluu: fuma 1, ruka 1, fuma 3, ruka 1, fuma 3, ruka 1, mwisho utamalizia ruka 1, fuma 1. Kurudi, za bluu fuma, nyeupe ruka. Basi, hiyo mistari minne unairudia mpaka uchoke. Ukitaka upana mwingine hesabu iwe ya nne nne halafu ongeza 3. Mistari ya kwanza haitaonyesha kitu cha maana, usikate tamaa, ukifika mstari wa kumi hivi vidoa vinaanza kupishana kama matofali.

Na umeona kwamba mstari wa kurudi hauhitaji kusoma popote? Rangi ikifanana na uzi ulioshika, fuma, ikiwa tofauti, ruka. Ndo maana akina mama wengi wakishazoea wanafuma huku wanaongea.

Haya sasa ile nusu ya jibu ambayo hukuambiwa. Kuruka kwenyewe kuna namna. Sindano ya kulia iingie kwenye stichi kama vile unataka kufuma pali, yani ncha inaingia kutoka kulia kwenda kushoto, halafu unaihamisha tu. Ukiingiza kama unafuma pleni, stichi inajipinda mguu, kwa mbele inaonekana imekonda na imelala upande. Mimi kipande changu cha kwanza chote kilikuwa na miguu iliyopinda na nikadhani ndo nakshi yenyewe ilivyo.

La pili, uzi ulioushika upite upande gani wakati unaruka. Siku zote upite upande wa ndani wa sweta, ule unaogusa mwili. Ukiwa unaangalia uso wa sweta, maana yake uzi uko nyuma, mbali na wewe. Ukigeuza ukawa unaangalia ndani, uzi unauleta mbele yako, unaruka, halafu kama unafuma pleni unaurudisha nyuma ndo unafuma stichi inayofuata. Huo mstari wa kurudi ndo kila mtu anasahau, na ukisahau utaona kijistari cha uzi kimelala kwa nje juu ya stichi uliyoiruka, kama kovu. Kuna nakshi zinazotaka hivyo makusudi, kuna moja uzi unapita mbele ya kila stichi ya pili na kitambaa kinatoka kigumu kimekaa kama kimefumwa kwenye mtambo, kizuri sana kwa mikoba, lakini kwa sweta la mtoto hapana.

La tatu ndo la mkono, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu naona ndo ugonjwa wako kama ulivyokuwa wangu. Ukisharuka stichi, kabla hujafuma inayofuata, zitandaze stichi za sindano ya kulia kwa kidole, zikae kwa upana wake wa kawaida, ndo ufume. Ukifuma zikiwa zimebanana nchani, ule uzi unaopita nyuma unakuwa mfupi kuliko nafasi yake na kitambaa kinajikunyata vilevile kama njia ya nyuzi mbili, utasema hii mbinu nayo ni ya uongo. Afu usiruke stichi nyingi zilizofuatana, moja au mbili sawa, tatu ndo mwisho wangu.

Na badili sindano. Kuruka stichi kunabana kitambaa, kwa upana na kwa urefu pia, manake ile stichi iliyorukwa imevutwa mistari mitatu wakati wenzake wako mmoja mmoja. Sweta la kwanza nililofuma hivi lilikuwa la mtoto wa kaka yangu, nilianzisha stichi zilezile za sweta la kawaida, sindano zilezile namba 10, sikufuma kipande cha kupima, nikamaliza mbele na nyuma nikashona, likawa pungufu sentimita nane kifuani. Nane! Halikupita hata kichwani vizuri. Nililifumua lote usiku uleule na roho iliniuma kwa sababu mtoto alikuwa ameshaliona. Saivi ribu ya chini (ule ukingo wa pleni na pali za kupishana unaovutika) nafumia namba 10, nikiingia kwenye nakshi napanda namba 8 (kumbuka kwenye sindano hizi namba ikishuka sindano inanenepa, 10 ni milimita 3.25, 8 ni milimita 4). Na napima kipande: nafuma kama sentimita 12 kwa 12, nakilowesha, nakilaza kikauke, ndo nahesabu stichi ngapi kwa sentimita 10.

Rangi. Bluu na nyeupe yako ni chaguo zuri kwa sababu moja imeiva na nyingine imepauka. Rangi mbili zinaweza kuwa tofauti kabisa dukani, tuseme nyekundu na kijani, ukifuma zikamezana nakshi isionekane, kwa sababu zote zimeiva sawasawa. Piga picha mabonge mawili yakiwa pamoja, igeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe hapo kwenye simu, kama huwezi kuyatofautisha rudisha moja. Lingine, hakikisha bluu haichuji. Niliwahi kununua uzi mwekundu dukani, muuzaji akaniapia hauchuji, nikafuma na nyeupe, fuo la kwanza tu nyeupe yote ikawa ya waridi, kazi ya wiki tatu. Sasa hivi nakata kipande cha uzi, nakilowesha maji ya uvuguvugu na sabuni, nakibana kwenye kitambaa cheupe nusu saa. Kikiacha alama sikitumii na nyeupe, hata kiwe kizuri vipi.

Ukishazoea vidoa, dunia inafunguka. Kuna nakshi wanaziita mozaiki, ni kuruka stichi kulekule ila kwa kufuata chati, yani mchoro wa visanduku, na unapata kona, ngazi, mistari inayozunguka kama njia za kupotezana. Mmarekani Barbara Walker ndo alizipangia kanuni na mwaka 1976 akatoa kitabu kizima cha nakshi hizo tu. Chati yake kila mstari mmoja unasimamia mistari miwili ya kufuma, kwenda na kurudi, na pembeni kuna kisanduku kinachokwambia zamu ya rangi gani. Zamu ya bluu, visanduku vya bluu fuma, vyeupe ruka. Stichi ya kwanza na ya mwisho unafuma kila mara ili ukingo ukae sawa.

Mimi chati yangu ya kwanza kujichorea niliitoa kwenye mkeka. Tulikuwa na mkeka wa ukindu nyumbani, mistari yake inapanda ngazi inashuka ngazi, nikachukua daftari la hesabu lile la visanduku la mwanangu nikaanza kunakili. Ikagoma mara mbili mpaka nikagundua sheria: kwenye zamu ya bluu, kila kisanduku cheupe lazima chini yake moja kwa moja pawe na cheupe, kwa sababu huwezi kuvuta juu rangi ambayo haikuwepo chini. Basi unapita mstari kwa mstari na kalamu, penye kukosea unasogeza kona kisanduku kimoja. Mkeka wangu ulibadilika kidogo lakini mama alipoona sweta alijua ni mkeka upi kabla sijamwambia, nilifurahi mno.

Kama utafuma mozaiki anza na pleni mistari yote, pande zote mbili. Pleni tupu ina mistari mifupi, miwili yake inakaribiana na upana wa stichi moja, kwa hiyo kisanduku cha chati kinatoka mraba kweli na nakshi inafanana na mchoro. Ukifuma pleni mbele na pali nyuma nakshi inarefuka kwenda juu, sio mbaya ila ujue mapema. Wenye sindano ya mzunguko, kwenye duara uso uko kwako muda wote, uzi unakaa nyuma siku zote na mzunguko wa pili unarudia wa kwanza. Kofia zinatoka haraka sana kwa njia hiyo.

Vitu vidogo vidogo: uzi unaosubiri pembeni usiukate, uache uning'inie, ukibadilisha pitisha mpya chini ya ule wa zamani, usiuvute. Mozaiki ikiwa ndefu, kila baada ya mistari 20 pitisha uzi mwembamba wa cherehani kwa sindano ya mkono ndani ya stichi zote, ukikosea juu utafumua mpaka hapo tu. Na kama uzi wako ni wa akriliki usipige pasi ya moto kuunyoosha, unalegea na kung'aa na haurudi tena. Lowesha, kamua kwa taulo, laza mahali tambarare.

Sasa sweta lako. Usilifumue lote. Fumua mpaka juu ya ribu, ukitoa nyeupe yote. Hapo hesabu stichi, ongeza au punguza moja mbili mpaka iwe ya nne nne na 3 juu yake. Mwili fuma bluu tupu, pleni kwenda na pali kurudi, mpaka sentimita tano chini ya kwapa, hapo panda sindano na uweke mkanda wa ile mistari minne mara tatu au nne, halafu rudi sindano yako na bluu tupu hadi shingoni. Mkanda uweke mbele na nyuma kwa urefu uleule ili ukishona pembeni vidoa vikutane. Mikono iache bluu. Uzi mweupe utakaobaki unatosha ukanda wa kofia, na ukikwama kwenye ule mstari wa kurudi weka picha ya pande zote mbili, nje na ndani, nitaangalia uzi unapita wapi.