Stroku ya upande mmoja lakini miguu yote miwili imekufa, inakuwaje?

Pole sana mkuu kwa kuuguza. Umeuliza kama stroku ya kichwani inaweza kuja pamoja na ya uti wa mgongo, maana mzee kapooza mkono mmoja tu ila miguu yote miwili haitikisiki. Inawezekana kabisa, shangazi yangu ilimpata na mimi ndo nilikuwa nalala naye wodini.

Uti wa mgongo, yaani ule uzi wa neva unaopita ndani ya mgongo, nao una mishipa yake ya damu, mmoja ukiziba sehemu inayolishwa inakufa kama ubongo tu. Ila ni nadra, kwenye stroku 100 ni kama 1 hivi, so skani ya kichwa ikishaonyesha kitu watu wanaishia hapo. Shangazi mdomo ulilegea upande wa kushoto, mkono wa kushoto ukalegea, kila mtu akasema stroku hiyo imeisha. Sasa mguu wa kulia je? Ubongo ukiumia upande mmoja unapooza upande wa pili, sio miguu yote. Halafu kabla hajaanguka alilalamika mgongo umemkamata ghafla katikati ya mabega, na mkojo ukagoma, tumbo la chini gumu, walipoweka mpira wa mkojo ulitoka mwingi balaa.

Aliyeiona ni daktari mmoja kijana. Alichukua kisindano akawa anamgusagusa kuanzia kifuani kushuka, alipopita kitovu hasikii tena, kitu cha baridi hasikii, lakini akimkunja kidole gumba cha mguu wa kulia juu au chini huku kafumba macho anajibu bila kukosea. Akatuambia mshipa wa mbele unalisha kama theluthi mbili za uti, na njia za maumivu na baridi zinapita huko, zile za kujua kiungo kimekaaje ziko nyuma. Hapo hapo akaagiza MRI ya mgongo, ile picha ya mashine ya sumaku. Ya mapema inaweza kutoka safi, wakirudia ndo inaonekana, kwa hiyo ya kwanza isiwakatishe tamaa.

Swali la kuwabana nalo madaktari ni kwa nini stroku mbili kwa mpigo, ya kichwani na ya uti. Inaweza kuwa moyo unarusha mabonge ya damu, au mshipa wa shingoni umechanika kwa ndani, au aota yenyewe, ule mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye moyo, na hiyo ya aota ndo ya kuogopa kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge inaweza kummaliza mgonjwa. Shangazi walimpiga picha ya aota kwanza, ikawa salama, kumbe mapigo ya moyo ndo hayana mpangilio, sasa yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda.

Wakati mnasubiri mgeuzeni kila baada ya masaa mawili na mkague visigino na makalio, maana hasikii kidonda kikianza. Fizio, watu wa mazoezi ya viungo, waanze mapema daktari akiruhusu. Majibu ya MRI yakitoka tupia hapa mkuu, ila futa jina la mzee kwanza.