Jibu: Mothers' Union ilianza 1876, 1885 au 1896?

Habari dada. Unaandika historia ya tawi lenu la Mothers' Union, umoja wa akina mama wa Kanisa la Anglikana, na umekuta vitabu vikitofautiana mwaka wa kuanza. Miaka yote mitatu iliyokukwamisha ni sahihi, ila kila mwandishi amehesabu tukio lake. 1876 Mary Sumner aliwakusanya akina mama wa parokia ya mumewe, Old Alresford, Uingereza. 1885 alihutubia kongamano la kanisa Portsmouth, ndipo dayosisi ya Winchester ikaukubali umoja huo. Baraza kuu la umoja likaja 1896. Mwanzo andika 1876.

Tawi lenu la Malindi lina tarehe yake, usiikope kutoka Uingereza. Tazama kwanza daftari la michango: kumbukumbu za vikao hunakiliwa upya baadaye, lakini michango huandikwa siku ileile, jina na shilingi. Kumbukumbu za zamani ulizia Mombasa, maana Malindi ilikuwa chini ya dayosisi hiyo. Na akina mama Wakatoliki wana chama chao, usiwachanganye humo.