Kwa Waongozaji Wapya wa Kidepo: Kumtambua Mkamata-nzi wa Kijivu

Anayeanza kazi ya kuongoza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, kaskazini-mashariki mwa Uganda, huwajua simba na nyati upesi, lakini atakayemhangaisha ni ndege mdogo wa rangi ya majivu, mwenye urefu wa sentimita 14 hivi, anayekaa kimya kwenye tawi la chini la mgunga. Huyo ni mkamata-nzi wa kijivu, na wanafunzi wengi hukosea kwa kumtafuta kwa rangi, ilhali jua la saa nane huku Karamoja humpausha kila ndege.

Anzeni na utosi. Wa kijivu ana michirizi myembamba ya rangi nyeusi kichwani, kana kwamba amechanwa kwa kitana chenye wino, lakini ndugu yake, aina iitwayo mkamata-nzi aliyepauka, ambaye ni mkubwa kidogo, ana mdomo mrefu zaidi na amekolea hudhurungi, utosi wake hauna alama. Katika mwaka wangu wa kwanza nilitaja jina kabla sijainua darubini. Mgeni mmoja, mzee mpole, alisubiri ndege ainamishe kichwa, kisha akanionyesha utosi mtupu, nami sikuwa na la kujibu.

Mahali napo panasaidia, ingawa si ushahidi wa kutosha: wa kijivu hupenda migunga ya nchi kavu, na aliyepauka hupenda zaidi miti ya majani mapana.

Kati ya Oktoba na Aprili mambo huchanganyika, kwa kuwa huja mkamata-nzi mwingine kutoka Ulaya, naye ana michirizi hadi kifuani. Huyo mtazameni anavyowinda: hukamata mdudu hewani na mara nyingi hurudi kwenye tawi lile lile, wakati wenyeji wetu wawili hupenda kushuka na kuokota mdudu ardhini. Jihadharini pia na makinda, kwani ya aina zote tatu yana madoadoa. Mkamata-nzi wa nne, yule mwenye mgongo wa fedha na tumbo la rangi ya chungwa hahitaji somo. Hata dereva humtambua.

Ndege akiondoka kabla hamjauona utosi, andikeni daftarini "wa kijivu au aliyepauka" na mwendelee na safari. Daftari langu lina kurasa kadhaa za namna hiyo.